Wewe wa Gari Gani?

Niliinunua Nuneaton, kwenye makaburi ya magari,
pauni themanini na tano, mkono kwa mkono,
risiti imeandikwa kwa kalamu nene:
skrini na redio yake, nzima.
Mvua ya Februari ilikuwa imelala juu ya mabati
na gari ilimong'olewa halikuwa na uso.

Coventry, chini ya tao la reli, ndiyo gereji yangu.
Gari la Bi Olwen Pritchard lilikuwa likingoja,
dashibodi wazi, pengo kama la jino.
Skurubu nne. Plagi moja. Ikaingia, tak,
mlio ule ambao fundi huusikia kwa vidole.
Nikawasha.

Ikawaka. Ramani, saa, alama ya simu.
Sauti, hakuna.
Nikaongeza. Nikapunguza. Nikaipiga kofi dogo
kama nilivyofunzwa Tanga, gereji ya Chumbageni,
ambako kila kilichogoma kilikuwa na mahali pake pa kupigwa.
Maandishi mekundu yakapanda: ulinzi wa kifaa umewashwa.

Maana humo ndani, kwenye nyaya, kuna mazungumzo.
Kila ukiwasha, kila kiungo hupiga hodi,
taa, breki, kiti, kioo,
na gari huuliza: wewe wa gari gani?
Wote hutaja jina moja, refu, herufi na namba kumi na saba.
Huyu wangu akataja jina la marehemu.

Basi akaachiwa aketi. Asizungumze.

Simlaumu aliyebuni kufuli.
Zamani walivunja vioo saba mtaani kwetu usiku mmoja
na asubuhi kila dashibodi ilikuwa shimo.
Lakini mwizi wa siku hizi hagusi kioo:
husimama mlangoni na kisanduku,
akaunasa mlio wa ufunguo uliolala jikoni kwenye bakuli,
na gari zima likaondoka
na viungo vyake vyote, vikijuana vizuri.
Kufuli limebaki na mimi, mwenye risiti.

Fimbo ya mbali haiui nyoka, tulikua tukiambiwa.
Hii ilikuwa Ujerumani, kwenye jengo nisilolijua,
na redio yangu imekufa Coventry.

Usiku ule nilibaki, na chai, na hasira.
Nikaipapasa skrini. Ilikuwa bubu, si kipofu,
na haikuwa imesahau kitu.
Simu iliyounganishwa: Simu ya Delphine.
Safari za mwisho: Bwawa la kuogelea. Mama. Mama.
Hospitali, mlango wa magharibi. Mama. Hospitali.
Hospitali. Hospitali.
Halafu tarehe moja ya Novemba,
na baada yake hakuna mtu
ila mimi.

Kwa wakala walitoza pauni mia na arobaini
kwa dakika kumi na moja. Kijana, Kiran Dhesi,
akachomeka waya, akaomba risiti, akaomba leseni yangu,
akalisoma jina langu mara mbili, kama wanavyolisoma.
"Ya wizi?"
"Ya msiba," nikasema. Hakuandika hilo.
Akabonyeza. Mstari wa kijani ukatambaa
na huko mbali kitu kisicho mtu kikaridhia:
redio ikakohoa, ikatangaza
theluji kwenye vilima vya Wales, barabara zifuatazo zimefungwa.

Kabla ya kukabidhi gari nilipaswa kufuta.
Kitufe kipo. Futa yote. Una hakika?
Nikaweka kidole.
Nikakiondoa, nikaenda kunawa mikono
ambayo haikuwa michafu.

Bi Olwen alilipa kwa noti zilizokunjwa nne nne.
Akaongeza sauti, akatabasamu,
akagusa kitufe chenye picha ya nyumba.
Mwanamke wa ndani ya mashine akasema, taratibu,
geuka kulia, nyumbani ni maili tisa.

"Mimi nakaa kushoto," Bi Olwen akasema,
"hapo tu, nyuma ya kanisa."
Akanitazama.

"Bado haijakuzoea," nikamwambia.